Kifaransa chapikwa Mafiga, tena kwa mkaa!

KAMA hujawahi kufika Moro, mji wanaouita 'mji kasoro bahari', una deni. Na kama ulifika ukaishia stendi ya Msamvu, ukanunua maji na karanga dirishani huku basi likiunguruma kuendelea na safari ya Iringa au Dodoma, deni lako bado liko palepale. Moro haionekani kutoka dirisha la basi. Inataka ushuke, ukodi bajaji, ukatishe mitaa, ndipo uinue macho uone milima ya Uluguru imesimama mbele yako kama mama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Siku hizi hata kisingizio cha safari ndefu kimekwisha. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar kuja Moro, safari ya saa mbili hivi. Unapanda na usingizi wa Dar, unashuka na njaa ya Moro. Na njaa ndiyo habari yangu ya wiki hii.

Nilikuwa naelekea Mafiga. Kwa wale waliozaliwa wakakuta jiko la gesi ndani, mafiga ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu. Ndiyo hayohayo wanasiasa waliyoyageuza kibwagizo cha kampeni mwaka 2005, wakimaanisha rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Mafiga ya Moro lakini ni kata, tena kata yenye watu wake na mambo yake. Ina mitambo ya kusafishia maji yanayotoka bwawa la Mindu, ina vyumba vya kupanga kibao vya vijana waliokuja kusoma au kutafuta maisha, na kila kunapopambazuka ina moshi. Moshi mwembamba wa bluu unatoka kwenye majiko ya mkaa nje ya milango, unapanda taratibu, na ukitazama haraka haraka utadhani unakwenda kuungana na yale mawingu yaliyolala kwenye mabega ya mlima.

Sasa hayo majiko yanapika nini? Hapo ndipo penye utamu na ndipo penye balaa. Chapati zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi. Vitumbua. Sambusa. Maandazi. Mihogo ya kukaanga. Supu ya utumbo yenye mafuta ya rangi ya machungwa juu, na chumvi pembeni kwenye kikopo, ujiongezee mwenyewe. Kijana wa bodaboda anakula chapati mbili na supu, anapangusa mdomo, anaondoka zake. Sikatai, msosi huo ni babu kubwa. Nimekulia huo, na siku nikifa nadhani utakutwa bado uko kwenye mishipa yangu.

Ila mwenye benchi mojawapo pale Mafiga ni mama mkubwa wangu, dada yake mama. Na kwa Waluguru, kama hujui, upande wa mama ndio wenyewe. Ukoo unahesabiwa kwa mama, mashamba ya mlimani yanarithiwa kwa mama, na mama mkubwa akikuita huulizi kuna nini. Unapanda treni.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba baba. Mbona umekonda hivyo, huko Dar hamli?"

Aliyekonda alikuwa yeye. Binti yake ndiye aliyenivuta pembeni akaninong'oneza. Mama kapimwa presha, imekutwa juu, kapewa dawa na kaambiwa apunguze mafuta na chumvi. Dawa anameza, hilo halina ugomvi, vidonge anavitunza kwenye kopo la majani ya chai ili asisahau. Lakini benchi lake lote, kuanzia kushoto mpaka kulia, ni mafuta na chumvi. Kwa hiyo yule mama anayeamka saa kumi usiku kuwalisha watu asubuhi, mwenyewe alikuwa anapiga pasi ndefu: chai kavu mpaka saa nane mchana, siku sita kwa wiki. Juzi yake alikuwa amepata kizunguzungu akiwa na karai la mafuta ya moto mbele yake. Nadhani umeelewa kwa nini niliitwa.

Mimi si daktari, na hii safu si hospitali. Lakini kabla sijaingia kwenye haya mambo ya kuandika, niliwahi kufanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Dar, ile aina ya hoteli ambayo hata mlinzi anaongea kwa kunong'ona. Pale asubuhi kulikuwa na wageni wasiogusa cha kukaanga. Walikuwa wanaagiza kitu kinaitwa oeufs en cocotte. Usiogope, kwa Kiswahili chetu hayo ni mayai ya kijunguni tu. Cocotte ni chungu kidogo chenye mfuniko. Unapaka siagi, unavunja yai, unaweka krimu kidogo, unakiketisha kijungu kwenye trei ya maji ya moto, unasukuma ndani ya ovena. Yai linaiva kwa upole, halikauki, halinuki mafuta. Wafaransa wa kusini nao wana mapishi yao ya mboga, ile ratatouille ya kule Nice, yenye bilinganya, hoho, nyanya na vitunguu vilivyopikwa taratibu mpaka vikasahau ugomvi wao. Na Wabaski wa mpakani na Hispania wana piperade, hoho na nyanya vinavyopikwa na mayai. Ukiunganisha hivyo vitu viwili, mboga chini na yai juu, ukaondoa krimu na siagi, unapata kifungua kinywa ambacho hata mtu wa presha anakaa nacho mezani bila woga.

Nikamweleza mama mkubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akauliza swali moja tu: "Hiyo ovena iko wapi?"

Swali zuri. Mafiga nzima unaweza kuzunguka mlango kwa mlango na usikute ovena nyingi. Lakini nikwambie kitu ambacho mpishi mmoja wa pale hotelini alinieleza nami nikakiweka kichwani. Hao Wafaransa wenyewe, mababu zao hawakuwa na ovena kila nyumba. Walikuwa na vyungu vya chuma na shaba vyenye mfuniko uliobonyea katikati. Ule mbonyeo haukuwa urembo. Walikuwa wanachota makaa mekundu kutoka motoni wanayamwaga juu ya mfuniko, chungu kinapata moto chini na juu, chakula kinaokeka.

Mama mkubwa akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe wanapalia! Mtoto wewe, unatoka Dar kuja kunifundisha kupalia?"

Na ana haki ya kucheka. Bibi zetu wamepalia wali tangu enzi na enzi, makaa juu ya mfuniko ili punje zikauke sawasawa. Mkate wa kumimina unaiva hivyohivyo. Mkate wa mayai hivyohivyo. Yaani teknolojia ilikuwa imekaa Mafiga siku zote, kilichokuwa hakipo ni mtu wa kuweka yai chini yake na bilinganya badala ya sukari.

Wala Ufaransa si mgeni Moro, tena. Wale mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Zanzibar mwaka 1863 na kujenga Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wengi wao Wafaransa, na miaka ya 1880 walikuwa tayari wamefika Morogoro wana misheni yao. Walikuja na msalaba, na mbegu mfukoni pia. Kahawa ile ambayo jirani zetu Wakenya mpaka kesho wanaiita 'French Mission' ilipata jina hilo kwa mapadri hawa. Sitaki kusema kwamba padri gani alioka mayai wapi, hilo halijaandikwa popote ninapopajua. Nasema tu kwamba Mfaransa akitia mguu Uluguru leo hatakuwa wa kwanza kubishana na Mluguru kuhusu asubuhi kunywe nini.

Kesho yake alfajiri tukaenda Soko Kuu, lile jipya linaloitwa la Chifu Kingalu. Hapa naomba unipe nafasi nijisifie mkoa. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa Moro hana sababu ya kula chapati tupu, nenda soko hilo kabla jua halijachomoza. Kutoka Mgeta na Nyandira, kule nyuma ya mlima kwenye baridi ya kuvaa makoti, zinakuja karoti, kabichi, njegere, hoho, viazi mviringo, kwenye matenga yaliyofungwa kwa majani. Kutoka vijiji vya ubavuni, kama Luhungo na Mbete, wanashuka kinamama na mizigo kichwani, wengine wameanza kutembea giza bado limetanda. Mchicha, majani ya maboga, matembele, mnavu, figiri. Nyanya chungu, ambazo Moro utazisikia zikiitwa ngogwe. Kutoka upande wa Kinole na Mkuyuni inakuja pilipili manga na mdalasini na karafuu, viungo ambavyo watu wa Dar wanadhani vyote vinatoka Unguja.

Mlima wenyewe una vilele vinavyopita mita 2,600, na maji yake ndiyo yanayolisha mto Ruvu, ambao ndio unaowanywesha watu wa Dar. Kwa hiyo wewe msomaji uliye Kinondoni, hata ile glasi ya maji uliyokunywa asubuhi kabla ya kushika simu ina asili ya Uluguru. Na kila gunia la mkaa linaloshuka kutoka misitu ya mlima huu linagusa glasi hiyo. Nitarudi kwenye mkaa.

Mama mkubwa sokoni si mtu wa mchezo. Hanunui bilinganya kabla hajalibonyeza, na akilibonyeza mwenye nalo anashusha bei bila kuombwa. Tulichukua vitunguu viwili vikubwa, hoho mbili, moja ya kijani na moja nyekundu, nyanya nne zilizoiva, bilinganya moja la wastani, karoti moja, fungu la mchicha, kitunguu saumu, kotmiri na pilipili manga ya punje. Mayai sita. Hapo tukabishana. Mimi nilitaka ya kienyeji kwa sababu ya kiini chake cha njano ya kupendeza. Yeye akasema njano hiyo inatokana na majani na mahindi ambayo kuku amekula, si uchawi, na kwamba mayai ya trei yatatosha kwa sababu ndiyo atakayoyamudu mimi nikishaondoka. Tukachukua ya trei. Mboga zote zile, hesabu ilipofungwa, hazikufika bei ya nusu kilo ya nyama.

Turudi jikoni. Naeleza kama tulivyofanya, ili na wewe ulioko geto na jiko moja la mkaa usipate kisingizio. Chakula hiki kilitosha watu watatu wenye njaa, mayai mawili kwa kila mmoja.

Kwanza mboga zinaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka, na usifanye kwa kuzuga, maana bustani nyingi zinapigwa dawa za wadudu. Bilinganya linakatwa vipande vidogo kama kete za bao. Sufuria inapata moto, kinaingia kijiko kikubwa KIMOJA cha mafuta. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mama mkubwa alishika chupa ya mafuta kama alivyozoea, mkono ukaanza kuinama, binti yake akaikamata hewani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Yai zima la kawaida lina kama 70, pamoja na protini yake gramu sita hivi. Kwa maneno mengine, pale kwenye chipsi mayai yako ya usiku, kinachokunenepesha si lile yai unalolisingizia.

Kitunguu kinaingia, kinageuzwa mpaka kilegee, kisiungue. Kinafuata kitunguu saumu, halafu karoti na hoho, halafu bilinganya. Bilinganya ni bepari, linanyonya mafuta yote na kudai mengine. Usilipe. Weka nyanya zilizokatwakatwa na mfuniko juu, maji ya nyanya yatalituliza. Punguza makaa, acha dakika 15 hadi 20, ukikoroga mara mojamoja, mpaka mboga ziwe nzito na mwiko ukipita unaacha njia. Mchicha uliokatwa unaingia mwishoni kabisa, dakika mbili tu. Chumvi ni robo ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani hazijai kijiko kimoja cha chai, na ukikumbuka kile kikopo cha pembeni ya supu utaelewa tunakoelekea. Ladha inayokosekana inaletwa na pilipili manga iliyotwangwa muda huohuo, ukwaju kidogo au ndimu, na kotmiri. Kama una kungumanga, kwaruza kidogo tu. Wafaransa wanaipenda kwenye mayai na mboga za majani, na kwetu ipo tele.

Vijungu vya Kifaransa hatukuwa navyo. Tulikuwa na vikombe vya bati, vile vya rangi nyeupe na ukingo wa bluu ambavyo kila nyumba ya Bongo inavyo hata kama haina kitanda. Mboga zikajazwa mpaka nusu ya kikombe, ukachimbwa mbonyeo kwa mgongo wa kijiko, mayai mawili yakavunjiwa pale. Badala ya krimu tukaweka kijiko cha mtindi. Ule mlima una historia yake ya maziwa pia. Miaka ya 1980 chuo kikuu cha Sokoine, kilicho jirani tu na Mafiga, kilishiriki kupeleka mbuzi wa maziwa kutoka Norway huko Mgeta, na uzao wao umeenea kule juu. Ukipata maziwa ya mbuzi, yaweke. Tui la nazi ni tamu mno hapa, lakini kwa mtu wa presha usilimwage kama maji.

Sasa ndipo penye ufundi. Chini ya sufuria pana tulitandika kitambaa safi kilicholowa, vikombe visigongane wala visiungue kitako. Vikombe vikapangwa juu yake, maji ya moto yakamiminwa pembeni mpaka nusu ya kimo cha vikombe. Makaa yakatawanywa jikoni yabaki machache. Mfuniko wa sufuria ukageuzwa, ukingo juu, na humo mama mkubwa akachota kwa koleo makaa mekundu kama kumi na mawili, akayapanga duara kama mtu anayepanga shanga. Mimi nilikuwa na saa. Yeye hakuwa na haja nayo. Alisimama, akasogeza pua, akasema, "Bado." Akaenda kugeuza chapati za wateja. Akarudi, akasema, "Tayari." Saa yangu ilisema dakika 12. Ute ulikuwa mweupe umeshika, kiini bado kinatikisika, mtindi umeanza kuwa na madoa ya kahawia. Kule hotelini tulikuwa tunabishana na ovena yenye namba na taa, na siku nyingine mayai yanatoka kama mpira wa kuchezea. Dakika 12, mama wa Mafiga, na pua!

Tahadhari mbili kabla hujaanza kunihusudu. Kama ni mama mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa, mwache kiini kiive kabisa, ongeza dakika nne tano. Na ya pili, nakuomba uisome mara mbili: jiko la mkaa ni la nje au penye upepo. Usiliingize geto ukafunga mlango na dirisha eti kuna baridi. Ile hewa ya mkaa haina harufu wala haikohozi mtu, inalaza tu, na wapo waliolala nayo wasiamke.

Tukala kwa mkate wa ngano isiyokobolewa, vipande viwili viwili. Mama mkubwa alichovya, akatafuna kimya. Mimi nilikuwa namwangalia usoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akachovya tena. Akasema bilinganya lina ubishi, pilipili manga imekaa vizuri, na yai limemkumbusha lile alilokuwa anafukiwa kwenye majivu ya moto na bibi yake kule mlimani, akiwa mtoto. Akamaliza kikombe. Binti yake akanikanyaga mguu chini ya meza. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali kula kitu cha maana kabla ya saa tatu asubuhi.

Siku ya pili akapika mwenyewe, mimi mtazamaji. Siku ya tatu ndiyo iliyoleta kasheshe. Kijana mmoja wa bodaboda, mteja wa siku nyingi, akachungulia sufuria yenye moto juu akauliza ni kitu gani hicho mama anajifichia. Mama mkubwa akamwambia ni chakula cha wagonjwa. Kijana akasema na yeye anaumwa, anaumwa njaa. Akauziwa kikombe. Mwenzake akacheka, akamwita Mzungu, akaonja kijiko kimoja cha mwenzake, akanyamaza, akaagiza chake. Wanafunzi wawili wa kike wakaja wakapiga picha kwanza ndipo wakala, kama ilivyo ada yao.

Ungedhani hapo ndipo nakuja kukwambia chapati zimekufa Mafiga. Hazijafa. Nilimwambia mama mkubwa aache kukaanga, auze mayai tu, nikamchorea na hesabu kwenye karatasi. Akaitazama ile karatasi kwa huruma. Chapati inauzwa kwa dakika moja, akasema, hii inataka dakika 12 na nafasi ya jiko zima. Kijana wa bodaboda ana abiria anamsubiri. Ada ya chuo ya mdogo wako inatoka kwenye chapati, haitoki kwenye ushauri. Na mkaa je? Gunia linapanda bei kila unapogeuka. Hapo nilikuwa na la kusema kidogo, kwa sababu kupalia kunatumia yaleyale makaa ambayo tayari yanawaka kwa ajili ya chapati. Yanahamishwa tu kutoka chini kwenda juu yakiwa yameanza kuchoka, na mboga zinaweza kupikwa usiku kwa moto wa chakula cha jioni. Hilo alilikubali. Mengine alikataa yote.

Kwa hiyo walichoafikiana yeye na binti yake, mimi nikiwa nimewekwa pembeni kama mgeni ninavyostahili, ni hiki. Mboga zinapikwa usiku. Sufuria moja ya vikombe sita inapaliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla foleni ya chapati haijaanza. Kikombe cha kwanza ni cha mama mkubwa, anakula amekaa, halafu anameza kidonge chake. Si yai kila siku, siku nyingine kikombe chake kina mboga na maharage, kwa sababu kliniki walimwambia abadilishe badilishe. Vikombe vinavyobaki vinauzwa. Kile kikopo cha chumvi kimehama kutoka kwenye benchi kwenda kwenye rafu ya ndani, anayekitaka akiombe kwa mdomo wake. Binti anasema wanaokiomba ni wachache kuliko alivyotegemea, maana wengi walikuwa wanaongeza kwa mazoea tu hata hawajaonja.

Presha yake imeshukaje? Hilo siandiki gazetini, na isitoshe anameza dawa, anakwenda kliniki tarehe zake, sitaki mtu asome hapa atupe vidonge vyake akimbilie bilinganya. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kizunguzungu cha asubuhi hakijarudi, na karai la mafuta sasa analisogelea akiwa ameshiba.

Wiki mbili baadaye binti akanipigia simu kucheka. Mama kaliondoa bilinganya, anasema ni ghali na linajidai. Mahali pake kaweka ngogwe na mnavu, machungu juu ya machungu, na wateja wa Kiluguru wanagombania. Mtindi nao kauacha siku ambazo maziwa hayapo. Kwa kifupi Mfaransa wangu kaondolewa kipande kwa kipande, amebaki na moto wa juu tu, ambao tangu mwanzo haukuwa wake peke yake.

Ukienda Moro ukapita Mafiga asubuhi, usiulize oeufs en cocotte, utaonekana umechanganyikiwa. Uliza mayai ya kupalia. Uwahi kabla ya saa moja, vikombe ni sita tu na cha kwanza hakiuzwi.